Nafasi ya Nne Mkekani

Mwanamke huyu watu wanamwita Jeki, na ukimwona akiinua gunia la mahindi la kilo tisini huna haja ya kuuliza jina lilitoka wapi. Anainama, analikumbatia, anavuta pumzi moja puani, na gunia liko begani kabla mwenye mahindi hajamaliza kusema "taratibu, mama." Pale kwenye mashine ya kusaga waliwahi kuletwa wanaume wawili wa kumsaidia. Wa kwanza alidumu wiki mbili. Wa pili alidumu mpaka saa sita mchana, akaaga anakwenda kunywa maji, na mpaka leo hajarudi. Mwenye mashine akaacha kutafuta wa tatu.

Ana miaka hamsini na kitu. Kope zake ni nyeupe kwa unga kuanzia asubuhi, na mashine imemla nusu ya masikio, kwa hiyo anaongea kwa sauti ya juu hata msibani. Akikunong'oneza siri, nyumba tatu zimeshasikia. Ni mtu wa utani, anayependa chai ya moto na asiyependa mtu wa kuruka foleni, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona kuwa na tatizo lolote duniani.

Lakini mikono ile ilikuwa na kazi nyingine. Mara kwa mara mtu alikuja na debe lake la mahindi, akasubiri mashine izimwe, akamsogelea Jeki na kumwambia, "Jumatatu kuna kazi." Jeki akajibu, "Haya." Basi, mazungumzo yameisha. Sasa hapa tuseme wazi, maana jambo hili limeishi muda mrefu kwa sababu ya watu kutolisema wazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwashika watoto wa kike wakati wa kukeketwa.

Ngariba wa mtaa ule alikuwa bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba kisogoni, na alikuwa na sharti moja tu: hagusi wembe mpaka wanne washike. Mmoja mguu wa kulia, mmoja wa kushoto, mmoja mikono, mmoja kifua na kichwa. Watatu hawatoshi. Mtoto akitikisika, alisema, lawama inakuja kwangu, haiji kwenu. Kwa hiyo walichaguliwa wanawake ambao kazi zao zimewapa mikono. Jeki wa mashine alipewa mguu wa kulia. Mpishi wa shule, anayekoroga sufuria refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, alipewa wa kushoto. Mikono alishika dobi, mama mkimya anayekamua mablanketi peke yake. Kifua alishika muuza mkaa.

Sheria ilikuwa imeshapiga marufuku siku nyingi, ndiyo maana kazi ilifanywa asubuhi ya siku shule zinapofungwa, mlango ukiwa na komeo na redio imefunguliwa mpaka mwisho. Mtaa mzima ulijua. Ulisikia redio ikipiga kelele nyumba fulani, ukaendelea kufagia uwanja wako.

Na usidhani Jeki alilazimishwa. Alijivunia. Kwenye sherehe alipewa kiti cha mbele, na akina mama walimshika bega wakisema bila wewe tungefanyaje. Alipenda kuambiwa hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kulala kwenye mkeka ule akiwa mdogo, akanyamaza, na aliamini kwamba kunyamaza ndiyo ukubwa.

Siku ilipofika zamu ya binti yake, desturi ilitaka mama mzazi akae nje. Ngariba akakataa. Alisema mtoto huyu ana nguvu, ni wa Jeki, basi Jeki ndiye amshike. Akamshika. Binti alikuwa na miaka minane. Hakupiga kelele kama wengine, alimtazama mama yake usoni na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, niachie." Akarudia mara tatu. Jeki hakumwachia. Alijua kazi yake.

Jeraha lilipona baada ya wiki nyingi na homa mbili. Kisichopona ni kwamba tangu siku ile binti hakutaka kuguswa na mikono ya mama yake. Hakugombana, hakununa. Ukimpa kikombe cha chai anasema kiweke mezani. Baraza la mashine limejengwa juu, usawa wa bodi ya lori, na kushuka lazima mtu akupe mkono au uzunguke nyuma kwenye ngazi. Binti alizunguka nyuma. Aliolewa, akazaa, mtoto akapelekwa kwa bibi yake, na hata hapo mtoto aliwekwa kwanza kitandani ndipo Jeki akaruhusiwa kumchukua. Miaka ishirini na mbili. Jeki alikuwa akiinua magunia na kucheka na foleni, na moyoni alijua sababu, na iliuma kila siku.

Mtoto huyo, mjukuu wake, alikuwa amefika miaka tisa. Wanamwita Kwanini. Jina lake halisi lipo kwenye daftari la shule na linatumika hukohuko tu, kwa sababu mtoto huyo hajawahi kuambiwa jambo asiulize kwa nini. Kwa nini pumba ni nyepesi? Kwa nini mwenye mashine ana tumbo na hali sana? Jeki alikuwa akimjibu mpaka anachoka, kisha anampa kiganja cha mahindi ahesabu punje.

Alhamisi moja mchana, foleni imefika barabarani, binti yake akazunguka nyuma, akapanda ngazi, akasimama karibu na mashine.

"Mama, izime."

Mashine haizimwi hovyo foleni ikiwa imesimama. Jeki alimtazama usoni, akaizima.

"Jumatatu wanataka kumkeketa Kwanini," binti alisema. "Mama mkwe wangu ameshapanga na ngariba. Na atakuja kukuita wewe. Anasema hakuna anayeshika kama wewe."

"Mumeo anasemaje?"

"Yuko safarini na lori. Nimempigia, ananiambia hayo ni mambo ya wanawake, nisimchanganye akiwa barabarani."

"Twende tukaripoti basi. Sasa hivi."

"Nikiripoti leo watakana wote. Kesho wanamhamishia kwa ndugu zao mbali, na huko sitajua siku wala chumba. Hapa angalau najua." "Sikuja kutafuta ushauri, Mama. Nimekuja kukuuliza neno moja. Utashika?"

Watu wa foleni walimwona Jeki akifungua mdomo bila sauti kutoka, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Kisha ikatoka.

"Sishiki."

"Usiposhika wewe atashika mwingine," binti alisema, akazunguka nyuma, akashuka kwa ngazi.

Jeki aliwasha mashine. Alisaga mpaka jioni na neno lile la mwisho likimzunguka kichwani. Atashika mwingine. Ni kweli, mikono yenye nguvu haijawahi kuadimika mtaani. Ukikataa, unabaki nyumbani kwako na usafi wako, na mtoto yuko mkekani vilevile. Alikuwa anachekecha debe la mwisho alipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote hiyo. Nafasi ni nne. Ngariba hataki watatu, na hataki watano wa kumbana mle chumbani. Wanne wakishaingia na komeo likatiwa, hakuna wa kuitwa tena.

Kesho yake mkwe wake, yaani mama wa yule dereva wa lori, alifika na ndoo ya mahindi na tabasamu pana. Alikuwa mwanamke nadhifu, anayejua kuongea na watu.

"Mkwe, Jumatatu kuna kazi. Safari hii ni ya kwetu wenyewe, mtoto wetu sote. Nilisema siwezi kuita mtu mwingine."

"Haya," Jeki alisema, akamimina mahindi kwenye mashine.

Jumapili mashine ikiwa imezimwa aliwaita wale watatu, wakakaa juu ya magunia. Walikuwa wameshika pamoja miaka mingi na hawakuwahi hata siku moja kukaa wanne peke yao wakalizungumza. Jeki aliwaambia anachotaka. Kwa sauti yake ile ilibidi mpishi amwombe afunge dirisha.

"Yaani tuende halafu tusishike," mpishi alisema.

"Tuende. Tukae kila mtu mahali pake. Tusishike."

"Watatufukuza."

"Watufukuze na nani? Wanaume hawaingii mle. Waliobaki ni mkwe wangu na ngariba. Mmoja hajabeba hata ndoo ya maji tangu apate mkwe wa kike, na mwingine ana miaka sabini na tano."

Mpishi alicheka, kisha akaacha ghafla. Alisema kila siku anawapakulia wale watoto chakula shuleni. Shule zikifunguliwa huwajua kwa jinsi wanavyotembea kwenye mstari, na wao wanamjua yeye. Wengine wanaacha sahani wanaondoka. "Nipo," alisema.

Dobi akafuata. Alipoanza alikuwa anaangalia viganja vyake. Alisema mashuka ya siku zile huletwa kwake kufuliwa, halipwi, na huyafua peke yake kwa sababu hataki mtu ayaone. "Nimechoka kufua," alisema. Hilo ndilo lilikuwa neno refu kuliko yote waliyowahi kusikia kutoka kwake.

Akabaki muuza mkaa. Alikuwa akijikuna kiwiko.

"Nyinyi mnaona rahisi. Nusu ya wateja wangu ni ukoo wa mkwe wako. Na binti zangu walishapita, mimi nitawaambia nini? Kwamba ilikuwa bure?"

"Waambie kweli," Jeki alisema.

"Wewe umeshamwambia wako?"

Jeki akageukia birika la chai. Muuza mkaa alisema sawa, atakuja, lakini aliisema kwa nusu mdomo na akaondoka kabla chai haijamiminwa.

Jumatatu asubuhi chumba kilikuwa tayari. Ni chumba cha stoo upande wa uani, kina tairi mbili za akiba za lori na harufu ya mpira. Sakafuni mkeka, juu ya mkeka karatasi ya nailoni, pembeni ndoo ya maji na chupa ya dawa ya vidonda. Redio ilikuwa juu ya tairi. Ngariba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, mwavuli wake umeegemea ukuta, kikopo cha nyembe mapajani. Binti wa Jeki alifungiwa nje ya geti. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyeweza kumbandua.

Kwanini aliingizwa akiwa na ndala mpya. Aliambiwa kuna zawadi. Alipomwona bibi yake alitabasamu, akaona mkeka, tabasamu likapungua. Mkwe akapandisha sauti ya redio na kutia komeo.

"Kwa nini redio ina kelele hivyo?" mtoto aliuliza.

Katika chumba kile mtoto hajibiwi. Ndiyo desturi yake, watoto huuliza na wakubwa huangalia pembeni.

"Ili watu wasisikie ukilia," Jeki alisema.

Mkwe aligeuka. Ngariba alishusha miwani.

"Kwa nini nilie?"

"Hulii leo," Jeki alisema. "Kaa hapo, mjukuu wangu. Vaa ndala zako."

Ngariba alidhani huyu mama amechanganyikiwa kwa sababu mtoto ni wa kwao. Akasema neno lake kama kawaida. "Shikeni."

Jeki alikaa upande wa kulia, akaweka mikono chini ya mapaja yake na kuikalia. Mpishi akakaa upande wa kushoto, akafanya vivyo hivyo. Dobi akakaa upande wa mikono, akakunja mikono yake kwapani na kufumba macho. Redio ilikuwa inatangaza sabuni.

"Nimesema shikeni."

"Tumesikia," Jeki alisema. "Tumekaa mahali petu, tunakusikiliza."

Muuza mkaa alikuwa bado amesimama. Alimtazama mkwe, akamtazama Jeki, akapiga magoti na kumkamata mtoto mabega. Kwanini akashtuka na kuvuta pumzi. Jeki alinyanyuka. Hakumpiga wala kumtukana mwenzake, alifungua tu vidole vyake kimoja baada ya kingine, anavyofungua mdomo wa gunia lililokazwa kamba, na kumwekea mikono yake mapajani.

"Wewe toka ukauze mkaa," alimwambia. Muuza mkaa alitoka, hakuangalia mtu, na komeo alilifungua yeye mwenyewe.

"Mkwe, unanivunjia heshima ndani ya nyumba yangu?" Mama yule nadhifu alimnyooshea Jeki kidole. "Wewe? Wewe uliyemshika hata wa kwako?"

Alikusudia limchome, na lilimchoma mpaka ndani. Jeki alihisi macho yanajaa.

"Ndiyo," alisema. "Mimi niliyemshika hata wa kwangu. Ndiyo maana ujue sitanii."

Mkwe alimfuata mtoto amshike mwenyewe. Jeki alimdaka viganja viwili akavishika, si kwa kuumiza, ila kwa namna ambayo mtu akishikwa hivyo anajua haendi popote. "Unaona?" alimwambia. "Hivi ndivyo inavyokuwa. Na wewe ni mtu mzima, na hakuna mwenye wembe."

Ngariba alifunga kikopo chake. "Mimi sikati mtoto asiyeshikwa," alisema kwa hasira. "Nipeni mwavuli wangu." Mpishi akampa.

Jeki alimbeba mjukuu wake begani. Alipofika mlangoni alirudi hatua moja, akazima redio. Nyumba nzima ikawa kimya, na majirani, ambao hawakuzoea redio kuzimwa mapema hivyo, wakatoa vichwa madirishani.

"Majirani," alisema pale uani, na sauti ile iliyoharibiwa na mashine ilifika mpaka duka la kona. "Mnanijua. Mimi ndiye ninayeshika mguu wa kulia. Mnauliza nimeshika watoto wangapi? Sijui. Magunia nahesabu kila siku, nikikosea moja nahesabu upya. Watoto sikuhesabu. Aliyeshikwa na mikono hii aje kwenye mashine aniseme mbele ya foleni, nitanyamaza nimsikilize. Na mwenye kazi shule zikifungwa asihangaike kutafuta watu. Aniite. Nitakuja, nitakaa, na sitashika."

Akalisogelea geti. Binti yake alikuwa palepale, vidole vimepauka kwa kukaza chuma. Mkwe hakuwa na uso wa kulifungua, kwa hiyo alilifungua dobi.

"Unaumia hapo juu?" Jeki alimuuliza mtoto.

"Hapana. Bibi, usiniachie."

Jeki alisimama katikati ya barabara. Watu walidhani amechoka, kama kwamba mtoto wa miaka tisa ni mzigo kwake. Alilia bila kujificha, unga wa juzi ukatengeneza michirizi mashavuni, kisha akaendelea kutembea. Binti yake alitembea pembeni yake hadi nyumbani, mkono umeshika ndala moja ya mtoto iliyoanguka. Hakumgusa mama yake.

Wanaishi watatu sasa katika chumba kimoja nyuma ya mashine. Dereva wa lori aliporudi alikuja kudai, akamkuta mke wake mlangoni na Jeki nyuma yake amebeba gunia bila sababu yoyote, akaamua kuzungumza kistaarabu. Ukoo wa mkwe ulihamia mashine nyingine kwa mwezi mzima. Mashine hiyo iko mbali na unga wake una mchanga, wakarudi kimyakimya. Mkwe naye alirudi, akapanga foleni kama watu wengine, na Jeki akamsagia vizuri.

Waliokuja kumsema walikuja kweli. Mmoja alimfokea mpaka sauti ikamkauka, Jeki akampa maji. Mmoja alisimama tu mbele yake muda mrefu, akaondoka na mahindi yake bila kusagiwa. Jeki hakujitetea. Jioni zile alikuwa hawezi kula.

Muhula uliofuata ulipokaribia kuisha, mama mmoja asiyejua vizuri habari za mtaa ule, au aliyejua na kuzipuuza, alifika na debe lake. Akasubiri mashine izimwe.

"Kesho kuna kazi kwetu," alisema. "Ngariba amesema bila wanne wenye mikono kama yako hafanyi, mikono yake siku hizi inatetemeka."

"Haya," Jeki alisema. "Twende leo. Nataka kuongea na huyo mtoto kwanza."

Mama yule alikunja uso, akaanza kusema kwamba ni kesho. Jeki alikuwa ameshavua kilemba na kukikung'uta unga. Alimtuma mtu kwa mpishi na kwa dobi. Halafu akakumbuka, akasema kwa sauti yake anayodhani ni ya chini, "Tuko watatu. Wakiona pengo watalijaza."

Binti yake alikuwa anafagia pumba. Aliegemeza ufagio ukutani.

"Ya nne ni yangu," alisema. "Kifuani. Nikae karibu na uso wake."

"Mwanangu, si lazima. Ukiingia mle utakumbuka."

"Nakumbuka kila siku, Mama. Nikikaa hapa nakumbuka vilevile."

Alikwenda ukingoni mwa baraza, pale juu, usawa wa bodi ya lori. Ngazi zilikuwa nyuma, palepale siku zote. Jeki alikuwa ameshashuka, amesimama chini anamsubiri azunguke.

Binti alinyoosha mkono.

"Nishike," alisema, "tusichelewe."